Grandmasta "kucheza kwa kiwango cha 3098" maana yake nini?

Wafuatiliaji wa chesi wameizoea sentensi ya aina hii: Fabiano Caruana, grandmasta (cheo cha juu kabisa cha chesi), alicheza mashindano ya Sinquefield Cup ya mwaka 2014 kwa kiwango cha 3098. Anayejua kwamba hata Magnus Carlsen, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, hajawahi kufikisha Elo (namba inayopima nguvu ya mchezaji) ya 2900 ana haki ya kushtuka. Hiyo 3098 imetoka wapi?

Haikutoka kwenye Elo yake. Caruana aliingia mashindanoni, mjini Saint Louis, Marekani, akiwa na Elo 2801. Elo hujengwa mchezo baada ya mchezo, kwa miaka, na hupanda au kushuka taratibu. Kiwango cha mashindano hakijali umekuja na Elo gani. Kinauliza swali moja tu: mchezaji wa Elo ngapi ndiye angetarajiwa kuvuna pointi hizi mbele ya wapinzani hawa?

Ukishinda unapata pointi 1, ukitoka sare nusu, ukifungwa huna kitu. Chukua wastani wa Elo za wapinzani wako, kisha tazama umevuna asilimia ngapi ya pointi. Ukivuna nusu, umecheza kwa kiwango chao hasa. Ukizidi hapo, jedwali la FIDE, shirikisho la chesi la kimataifa, linakwambia uongeze ngapi: asilimia 75 inakupa 193, asilimia 85 inakupa 296, asilimia 90 inakupa 366. Ukiwa chini ya nusu, unakatwa vivyo hivyo. (Elo, kwa wanaoiandika ELO, si kifupisho cha maneno. Ni jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, ndiye aliyebuni hesabu hizi.)

Saint Louis walikuwa wachezaji sita, kila mmoja akikutana na mwenzake mara mbili. Caruana, wakati huo akiichezea Italia, alikuwa na Carlsen, Aronian, Nakamura, Topalov na Vachier-Lagrave mbele yake. Wastani wao 2802. Akashinda michezo saba mfululizo, Carlsen akiwa mmoja wa waliopigwa, kisha akatoka sare mitatu ya mwisho. Pointi 8.5 kati ya 10, yaani asilimia 85. Jumlisha 2802 na 296, unapata 3098. Carlsen, aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa na 5.5.

Elo yake yenyewe ilipanda kwa pointi 35 hivi tu. Kwa kuwa alikuwa sawa na wastani wa wapinzani, alitarajiwa kupata pointi 5, alizidisha 3.5, na kwa wachezaji wa ngazi hiyo ziada huzidishwa kwa 10.

Wapinzani ndio wanaobeba uzito mkubwa wa namba hii. Kwenye Olimpiadi ya chesi, mashindano ya timu za mataifa, ya Budapest ya 2024, Gukesh wa India alivuna pointi 9 kati ya 10, nyingi kuliko za Caruana, lakini kiwango chake kikawa 3056, kwa sababu wastani wa wapinzani wake ulikuwa karibu 2690.

Hesabu hii ina mahali inapochanganyikiwa: ushindi wa asilimia 100. Anayeshinda michezo yote hajaonyesha kikomo chake kiko wapi, kwa hiyo jedwali humwongezea 800 na kunyamaza. Laiti mashindano ya Saint Louis yangefungwa baada ya raundi ya saba, Caruana angeandikiwa kiwango cha karibu 3600, namba isiyo na maana yoyote. Ndiyo sababu mimi nikisikia mtu amecheza kwa kiwango cha ajabu, kwanza nauliza ni michezo mingapi.

FIDE nao wanauliza hivyohivyo. Anayeutafuta ugrandmasta hutakiwa kucheza kwa kiwango cha 2600 au zaidi, kwa kawaida katika michezo isiyopungua 9, na kurudia hadi michezo hiyo ifike 27. Juu ya hapo, Elo yake halisi lazima iwe imewahi kugusa 2500.