Ruzuku ya kilimo Marekani: pesa hulipwa nani katika kaunti?

Kwetu mkulima anaposema amepata ruzuku, mara nyingi ana maana ya mbolea au mbegu aliyouziwa kwa bei nafuu. Ya Marekani, ile tunayoizungumzia hapa, ni pesa zinazoingia benki baada ya msimu, bei au mapato ya zao yakishuka chini ya kiwango kilichotajwa na sheria. Mkulima hujiandikisha kwenye ofisi ya Wizara ya Kilimo iliyoko kaunti yake, na katika ofisi hiyo ipo kamati iliyochaguliwa na wakulima wenzake.

Kinachowachanganya wengi ni jinsi malipo yanavyopigiwa hesabu. Hayafuati kilichopandwa mwaka huu. Yanafuata ekari za msingi, yaani ekari ambazo shamba hilo liliandikiwa kutokana na mazao yaliyolimwa miaka ya nyuma. Shamba lenye ekari za msingi za ngano linaweza leo kupandwa soya na bado likalipwa kwa ajili ya ngano.

Tuchukue mavuno ya 2016. Sheria ilikuwa imeweka bei ya rejea ya ngano, yaani kile kiwango cha kulinganishia, kuwa dola 5.50 kwa busheli (kipimo cha nafaka), lakini wastani wa soko ukawa dola 3.89. Pengo ni dola 1.61. Mwenye ekari za msingi 200, na mavuno yaliyosajiliwa ya busheli 40 kwa ekari, hulipwa kwa asilimia 85 ya ekari hizo, yaani 170. Zidisha 170 kwa 40, kisha kwa 1.61: dola 10,948 kabla ya makato. Upo pia mpango wa pili, ambao huangalia mapato ya zao katika kaunti nzima. Katika huo unaweza kuvuna vibaya peke yako na usipate senti, kwa sababu majirani walivuna vizuri.

Je, nani anapokea? Shamba likikodishwa kwa pesa taslimu, malipo ni ya mpangaji. Likikodishwa kwa kugawana mavuno, mwenye ardhi naye ana fungu lake, hata kama anaishi ghorofani Chicago na trekta huliona kwenye picha tu. Ndiyo maana orodha ya wapokeaji wa kaunti ya vijijini huwa na anwani za mijini, majina ya ubia na ya amana za familia, yaani mali inayosimamiwa kwa niaba ya wanafamilia. Na huyo mpangaji wa pesa taslimu asionewe wivu sana: mwenye shamba akijua malipo yapo, kodi hupanda, na sehemu ya ruzuku humfikia yeye kwa mlango wa nyuma.

Kikomo cha malipo kipo. Sheria ya kilimo ya 2014 iliweka dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka, na 2025 kikapandishwa hadi 155,000. Ila katika ubia kila mbia anayekubalika ana kikomo chake, na sheria ya 2018 iliwaongeza binamu na wapwa kwenye hesabu ya familia, hivyo nao wanaweza kuwa wabia wenye kikomo chao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kikomo kilipotobolewa.

Orodha hizi zinajulikana kwa sababu shirika la utetezi wa mazingira la Environmental Working Group lilizidai serikalini kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, likazipanga hadi ngazi ya kaunti. Lakini hazionyeshi kila kitu. Serikali pia hulipia, kwa wastani, zaidi ya nusu ya gharama ambayo mkulima angelipa kununua bima ya mazao, na majina ya wanaofaidika na fungu hilo hayatolewi. Kwa hiyo ukimkuta mwenye shamba kubwa ana kiasi kidogo mbele ya jina lake, usikate shauri kwamba serikali imemsahau. Huenda msaada wake mwingi umepitia kwenye bima.