Betri ya volti 9 kichwani haikuongezei akili

Ndugu zangu, wiki hii nimeulizwa tena kama mtu anaweza kujifungia betri ya volti 9 kichwani akafaulu mtihani, mwingine ananiambia kwani si ndio ile shoti wanayopigwa wagonjwa wa akili. Hapana, sio hiyo. Ile ya hospitali ni karibu miliampia 800, mgonjwa analazwa usingizi na anapata degedege fupi kwa makusudi. Huku tunaongelea tDCS, yaani kupitisha umeme mdogo kwenye ubongo kwa vipande viwili (elektrodi) vinavyowekwa kichwani juu ya sponji zenye maji: miliampia 1 au 2, dakika kama 20, mtu yuko macho anasikia muwasho tu.

Mkondo huo hauna nguvu ya kuwasha seli za ubongo, unazifanya tu ziwe nyepesi au nzito kuitika. Watafiti Nitsche na Paulus kule Göttingen, Ujerumani, waliripoti mwaka 2000 kwamba wepesi huo wa kuitika ulibadilika hadi asilimia 40 hivi kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Mwaka 2009 Stagg na wenzake wa Oxford wakapima kemia yenyewe ya ubongo kwa mashine ya MRI: elektrodi chanya ikashusha GABA, ambayo ndio breki ya ubongo, hasi ikashusha glutamati, kichocheo chake. Breki ikilegea seli zinajifunza kirahisi, ila zinajifunza kile unachofanya muda huo, ukikaa unachezea simu usitegemee hesabu. Na haiishii chini ya sponji, sehemu za mbali zinazowasiliana na hapo nazo zinabadilika, ndio maana mwaka 2016 watafiti waliwaandikia barua ya wazi wanaojifanyia nyumbani kwamba unaweza kuongeza uwezo mmoja ukapunguza mwingine.

Sisi hospitalini kabla hatujawasha tunauliza kifafa, chuma kichwani, betri ya moyo, mimba, dawa unazotumia, unasaini ridhaa, tunakagua ngozi, tunalowesha sponji maji ya chumvi, tunapima ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi, halafu mkondo unapanda taratibu kwa sekunde 30. Nimeona paji la uso lenye kidonda cha duara kama sarafu, sponji ilikauka upande mmoja, basi.

Jamani, kifaa kikiuzwa kwa madai ya kutibu, hicho ni kifaa tiba na lazima kisajiliwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, kabla ya kuingizwa au kuuzwa, kwa hiyo muombe muuzaji namba ya usajili, asikwambie ni cha mazoezi ya akili tu, Ulaya hata hivyo vya mazoezi tangu Juni 2023 viko daraja la III, la hatari kubwa kabisa. Ukishajiunguza acha kupaka dawa ya meno, njoo hospitali na kifaa chenyewe tukione.