Acheni kung'oa themostati za Land Rover

Imeletwa nyingine gereji, Series III ya petroli, bodi imepigwa rangi inang'aa, nafungua pale inapokaa themostati, kweupe. Nauliza iko wapi, jibu ni lilelile la siku zote: "Fundi, Dodoma joto, hiyo waliwekewa Wazungu na baridi yao." Jamani!

Themostati kazi yake ni kuchagua maji yapite wapi. Injini ikiwa ya baridi maji yanazunguka kwa ile hosi fupi ya baipasi, yanarudi wota pampu bila kuonana na rejeta. Ikishika moto themostati inafungua njia ya rejeta na HAPOHAPO inaziba baipasi. Sasa wewe umeitupa, baipasi iko wazi saa zote, maji mengine ya moto yanarudi injini na moto wake uleule. Kwenye tambarare geji ya joto iko chini unamsifia fundi wako, ngoja upakie magunia uanze kupanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa, ikichemsha ndio utanitafuta.

Halafu wapo wanaonitetea kwa hoja mbovu, eti bila themostati maji yanapita mbio mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Hapana bwana. Yakipita mbio si yanarudi mbio pia? Mwendo hauna kosa, kosa ni baipasi. Na ndio maana unaweza kununua themostati mpya kabisa ikakaa vizuri na gari ikachemsha vilevile, kwa sababu umeuziwa ya gari nyingine, haina ile sehemu ya kuziba baipasi. Dukani watakwambia zote ni moja. Si moja.

Na injini isiyofika joto lake inajimaliza kimyakimya: petroli haiungui vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, plagi nyeusi, ringi zinalika, halafu mnalalamika Land Rover inakunywa mafuta. Inakunywa ndiyo, lakini hapo mmeiongezea kiu.

Ikichemsha anza na rejeta, maji yetu ya visima yana chumvi, yanajenga ukoko kwenye vijia vyake. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta. Angalia na kifuniko cha rejeta, huku Dodoma tuko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, presha ya kifuniko ndio inayoyazuia yasichemke mapema, kikichoka umekwisha.

Themostati ya kuanza kufunguka kwenye nyuzi 74 au 82? Hapo mafundi tunabishana mpaka kesho. Mi natia 82, ila rejeta ikiwa imechoka natia 74, na siwezi kuapa kwamba inasaidia maana zikishafunguka zote mbili maji yanapita yaleyale.

Ya zamani usiitupe kabla ya kuipima, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni uone kama inafunguka. Kama ni ya 82 usishangae maji yakichemka kabla haijafunguka yote, ndio Dodoma hiyo. Ukiirudisha, kile kitundu kidogo chenye kipini pale kwenye themostati kiwe upande wa juu, hewa ipate pa kutokea.