Tama na tamā: walimu wa watoto wa Pasifika na akili mnemba darasani

Kwa Kisamoa, tama ni mtoto wa kiume. Weka kistari juu ya irabu ya mwisho, iwe tamā, na sasa umesema baba. Kistari hicho hurefusha sauti, lakini katika maandishi mengi ya mtandaoni watu hawakiweki. Mtu mzima aliyekulia katika lugha hiyo hapotei, kwa kuwa maneno ya jirani humwonyesha njia. Mwalimu wa Auckland, jiji kubwa la New Zealand, anapoiomba programu ya akili mnemba imtungie sentensi kumi za Kisamoa kwa ajili ya watoto wa miaka saba, programu inaweza kuandika kama ilivyoyakuta maandishi hayo: mara kistari kipo, mara hakipo. Mtoto anayejifunza lugha ya bibi yake hana maneno ya jirani ya kumwokoa. Akifundishwa vibaya, atasoma vibaya, tena kwa kujiamini.

Nimeanza na kistari kwa sababu katika kazi yetu ya kuwaandaa walimu watumie teknolojia, swali linaloulizwa kwanza ni kama zana hizi ziruhusiwe au zikatazwe. Kwa watoto wa Pasifika mimi naona swali lenye uzito ni jingine: nani atasahihisha kile ambacho mashine imeandika?

Pasifika ni jina linalotumika New Zealand kuwataja watu wenye asili ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki: Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook, Niue, Fiji, Tokelau, Tuvalu, Kiribati na vinginevyo. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya watu 442,000 wa asili hizo, karibu asilimia 9 ya wakazi wote, na karibu nusu yao ni Wasamoa. Wamaori hawamo katika hesabu hiyo. Wao ndio wenyeji wa nchi, ingawa lugha yao na lugha za visiwa hivyo ni za ukoo mmoja. Jina hilo moja limebeba mataifa mengi, kila moja na lugha yake, salamu zake na namna yake ya kumheshimu mkubwa.

Kwa baadhi ya mataifa hayo, darasa la New Zealand limebeba mzigo ambao kisiwa chenyewe hakiwezi tena kuubeba peke yake. Niue ina wakazi wasiofika 2,000, lakini sensa ya 2018 ilikuta Waniue zaidi ya 30,000 New Zealand. Tokelau ina watu wapatao 1,500 katika visiwa vyake vitatu, na zaidi ya 8,000 wako New Zealand. Kwa hiyo Kiniue kinaponyamaza shuleni na majumbani huko Auckland, sehemu kubwa ya wenye lugha hiyo imenyamaza.

Programu hizi hazina macho wala kumbukumbu ya mtu. Zimelishwa maandishi mengi kupita kiasi, zikajifunza neno gani hufuata neno gani. Lugha yenye vitabu, magazeti na mabishano mengi mtandaoni huzipa chakula cha kutosha. Kitonga na Kitokelau huzipa kidogo, na sehemu nzuri ya hicho kidogo ni tafsiri za Biblia na nyaraka za serikali. Elimu yenyewe ya visiwani haikukaa kwenye karatasi. Imekaa katika hotuba ya msemaji wa ukoo, katika wimbo, katika ngoma, katika mkono wa mama anayesuka mkeka.

Hapo ndipo mwalimu anapoweza kuteleza, maana mashine haikosei kila mahali kwa kiwango kimoja. Iulize habari za Mau Piailug, nahodha wa kisiwa cha Satawal, aliyeiongoza jahazi ya Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 kwa nyota, mawimbi na ndege, bila chombo chochote cha kisasa. Itakujibu vizuri, kwa kuwa safari hiyo imeandikwa mno kwa Kiingereza. Sasa iulize jinsi mkeka mwembamba wa Kisamoa, ʻie tōga, unavyosukwa na kupokelewa. Majibu yatakuja kwa ufasaha uleule, lakini huenda mengine yameokotwa Tonga, mengine Hawaii, mengine hayapo popote. Msomaji wa pwani yetu nimpe mfano: ni kama mtu anayekueleza kwa ufasaha kabisa kuhusu kanga, kumbe muda wote anakieleza kitenge. Picha zinazochorwa na akili mnemba nazo zina tabia hiyo. Mara nyingi ukiomba kijiji cha Pasifiki unapewa mnazi, mchanga mweupe na msichana mwenye shada la maua, kisiwa kisichokuwa cha mtu.

Adabu ya lugha ni jaribio gumu zaidi. Sisi tunajua kwamba kwa mzee hatusemi amekufa, tunasema amefariki, na kwamba shikamoo haitoki kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kisamoa kimekwenda mbali zaidi. Kula ni ʻai, lakini mtu wa heshima anapokula ni taumafa. Nyumba ni fale, lakini makazi ya chifu mkuu ni maota na ya chifu msemaji ni laoa. Kitonga kina ngazi tatu: mtu wa kawaida akila ni kai, mtukufu ni ʻilo, na mfalme ndiye taumafa. Tazama lilivyogeuka: neno la mfalme wa Tonga huko Samoa ni neno la heshima kwa wengi. Zana inayochanganya lugha hizi mbili ndugu inaweza kutoa barua ya mwaliko kwa wazazi ambayo ina maneno sahihi yote na bado imemvunjia mtu heshima. Shule ikiituma, mzazi hatalalamika. Atakaa kimya, na mkutanoni hatakuja.

Sisemi mashine iachwe. Mwalimu mwenye watoto thelathini na lugha sita darasani anahitaji msaada, na zana inayomtolea rasimu kwa dakika mbili inamrudishia jioni yake. Kinachonihangaisha ni kumfanya mwanagenzi kuwa fundi. Basi mbinu ninayoipendekeza kwa walimu ni kuifanya rasimu ya mashine kuwa kitu cha kuhukumiwa, na hakimu awe mtoto akishirikiana na watu wa nyumbani kwake.

Chukua somo la hisabati kuhusu ulinganifu wa maumbo. Wasamoa wana kitambaa cha siapo, kinachotengenezwa kwa gome la ndani la mforosadi wa karatasi. Gome hupondwa mpaka likawa jepesi kama nguo, kisha hupakwa rangi. Aina moja, siapo ʻelei, hupata nakshi kwa kusuguliwa juu ya ubao uliochongwa uitwao ʻupeti. Nyingine, siapo mamanu, huchorwa kwa mkono bila ubao. Nakshi zake zina asili: nyayo za ndege wa ufukweni, nyavu, nyota ya bahari, jani la mkadi. Watoto waiombe programu iwachoree siapo. Wapime mistari ya ulinganifu kwenye picha hiyo, halafu waweke pembeni siapo halisi, iliyotoka kabatini kwa shangazi au iliyo kwenye jumba la makumbusho, na wapime tena. Picha ya mashine huwa na mwelekeo wa kujaza nafasi kwa urembo unaorudiwarudiwa. Katika kitambaa halisi mtoto atakuta mahali ambapo mkono wa mchoraji ulivunja ulinganifu kwa makusudi au kwa uchovu, na atauliza kwa nini. Programu haiwezi kumjibu kuhusu mkono ule. Shangazi anaweza.

Somo la lugha nalo liende vivyo hivyo. Mwalimu aombe hadithi fupi ya Kisamoa, aichapishe kwa nafasi pana kati ya mistari, mtoto aende nayo nyumbani. Kazi yake ni kumsomea bibi kwa sauti na kuandika kwa kalamu nyekundu kila anaposimamishwa: hapa kistari, hapa koma liliu, ile alama ya kukata pumzi inayofanana kwa sura na ritifaa yetu ya ng'ombe. Na g ya Kisamoa husomwa kama hiyo hiyo ng' yetu: jina la mji wa Pago Pago hutamkwa Pang'o Pang'o. Sauti ya kompyuta isiyofundishwa Kisamoa itasoma g kama ya gari, na bibi atacheka. Mtoto aliyeona mashine ikisahihishwa na bibi yake amejifunza kuhusu akili mnemba jambo ambalo darasa zima la maelezo lisingemfundisha.

Lakini bibi si mhariri wa bure wa shule. Wasamoa na Watonga wana neno vā, nafasi iliyo kati ya mtu na mtu, nafasi inayounganisha na inayohitaji kutunzwa. Teu le vā ni kuitunza nafasi hiyo. Mwongozo wa wizara ya elimu ya New Zealand wa mwaka 2018 kwa walimu wa wanafunzi wa Pasifika, uitwao Tapasā, yaani dira, unasisitiza mahusiano ya heshima na familia. Mwalimu atangulie kwenda mwenyewe, aketi, azungumze bila haraka. Watonga na majirani zao huita mazungumzo ya namna hiyo talanoa, na mtafiti wa Kitonga Timote Vaioleti aliyaeleza mwaka 2006 kama njia halali ya utafiti. Karatasi ya kusahihishwa ije baadaye, na jina la aliyesahihisha liandikwe juu ya hadithi, kama akiridhia.

Liko pia swali la vitu ambavyo mashine haifai kupewa kabisa. Familia nyingi za Pasifika zina sababu ya kuwa na tahadhari na taasisi zinazokusanya habari zao. Katikati ya miaka ya 1970 polisi wa New Zealand walivamia nyumba zao alfajiri wakitafuta watu waliozidisha muda wa kukaa nchini. Takwimu za katikati ya miaka ya 1980 zilionyesha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa takriban theluthi moja ya waliozidisha muda, lakini walikuwa asilimia 86 ya walioshtakiwa. Waingereza na Wamarekani, nao karibu theluthi, walikuwa asilimia 5. Tarehe 1 Agosti 2021 Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa niaba ya serikali, akafunikwa mkeka kwa desturi ya ifoga, ambapo mkosaji hujishusha hivyo mbele ya aliyemkosea. Watoto walioamshwa kwa tochi za polisi leo ni mababu na mabibi wa wanafunzi hawa. Tukiwaomba sauti zao, picha zao na hadithi zao za ukoo, wana haki ya kujua zinakwenda wapi.

Kaitaia, kaskazini ya mbali ya nchi, kituo cha redio cha Wamaori, Te Hiku Media, kimeonyesha kwamba jambo hili linaweza kufanywa kwa staha. Mwaka 2018 kiliwaomba watu wake wasome sentensi za Kimaori kwa sauti, na ndani ya siku kumi kikapata zaidi ya saa 300 za rekodi, kikatengeneza nazo programu ya kutambua usemi wa Kimaori. Rekodi hizo hakikuzikabidhi kwa makampuni makubwa. Kiliandika leseni inayokitaja chenyewe kuwa mlinzi wa sauti hizo, si mmiliki.

Kwa mwalimu wa kawaida, staha hiyo ina hatua za kila siku. Video ya wanafunzi wakicheza jukwaani Polyfest, tamasha la shule za Auckland lililoanza mwaka 1976, isipandishwe kwenye programu ili iandikiwe maelezo. Majina ya watoto na vijiji vyao yaondolewe kabla ya kuomba msaada wa kurekebisha insha. Nasaba za machifu, maneno ya kufungulia sherehe ya ʻava, kinywaji cha heshima, na michoro ya tatau, yaani chale za mwilini, ya ukoo fulani visiingizwe mpaka wenyewe wameulizwa, na wakikataa, somo liendelee kwa njia nyingine. UNESCO, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza umri wa kuanzia miaka 13 kwa mtoto kutumia akili mnemba ya kuzalisha maandishi darasani. Kwa watoto wa miaka saba niliowataja mwanzoni, anayegusa kibodi ni mwalimu. Mtoto ashike kalamu nyekundu.