Ukurasa una wafuasi laki mbili, mbona picha haziuziki?

Mchoraji yeyote anayeweka kazi zake Instagram anaujua ujumbe huu. Dakika chache baada ya kuposti picha mpya, komenti inaingia: "Kazi kali! Tutumie kwenye ukurasa wetu tukutangaze." Ukibofya unakuta ukurasa mnene, wafuasi laki mbili, kazi za wasanii wa kila aina zimepangwa vizuri. Unatuma yako, unasifiwa tena, kisha bei inafuata: posti moja kiasi hiki, posti tatu na stori kwa punguzo. Wengine wanakuja na makubwa zaidi. Wanakuandikia kutoka New York, London au Milano kwamba kamati imeichagua kazi yako kwa maonyesho, hongera sana, na kilichobaki ni wewe kulipia nafasi yako ukutani.

Je, huduma hizi zinamsaidia msanii? Nyingi hazimsaidii, chache zinamsaidia, na ukubwa wa ukurasa au wa bei haukuambii ipi ni ipi. Cha kuuliza ni huyu anayenitangaza anakula kwa nani.

Anza na galari ya kawaida ya biashara, yaani ukumbi unaoonyesha na kuuza kazi za wasanii. Inachukua kamisheni, mara nyingi asilimia 40 hadi 50 ya bei ya picha. Wachoraji tunainung'unikia sana kamisheni hiyo, na nusu ya bei kweli inauma. Ila tazama inavyomfanya mwenye galari ahangaike. Picha isipouzika hapati kitu, na kodi ya jengo iko palepale. Kwa hiyo anawapigia simu wanunuzi wake, anajua nani kahamia nyumba mpya yenye kuta tupu, anajua hoteli gani inafanyiwa ukarabati. Anakuringia pia: kazi asiyoona itauzika haipokei.

Ukurasa wa promo, yaani ule wa kutangaza kwa malipo, umeshalipwa kabla picha yako haijaonekana na mtu. Mteja wake ni wewe. Kazi yake ya kila siku ni kutafuta wachoraji, na unaifanya vizuri kweli, ndiyo maana ile komenti inakufikia upesi hivyo. Matokeo yake ni kwamba wafuasi wake nao ni wachoraji, watu waliofuata wakitumaini siku moja watapostiwa. Unapolipia posti pale, unaingiza nyanya zako kwenye soko ambalo kila aliyemo ana tenga lake la nyanya.

Huhitaji kuniamini, hili linaonekana kwa macho. Fungua posti yoyote ya wiki iliyopita katika ukurasa wa namna hiyo usome komenti moja moja. Emoji za moto, tatu. Makofi. "Nzuri sana." Brashi na moyo. Sasa bofya majina. Wa kwanza anachora sura za watu kwa penseli. Wa pili anachora mbwa kwa oda. Wa tatu hana picha hata moja, lakini anafuata watu elfu sita. Wa nne ni ukurasa mwingine wa promo, umeandika: "Tutumie kazi yako." Endelea hivyo hadi chini ukimtafuta mtu mmoja tu aliyeuliza bei, au ukubwa wa picha, au kama inaweza kusafirishwa. Hayo ndiyo maswali ya mnunuzi. Mnunuzi hana shida ya kukuwekea moto mitatu.

Kisha piga hesabu ya laiki. Ukurasa wenye wafuasi 200,000 ambao posti zake zinapata laiki 120 umeamsha asilimia 0.06 ya watu wake. Ama wafuasi wamechoka, ama hawapo kabisa. Uwezekano huo wa pili si umbea. Januari 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza wafuasi wa Twitter. Ilikuwa na hazina ya akaunti za roboti zisizopungua milioni 3.5, kila moja ikiuzwa mara nyingi kwa wateja tofauti, hadi ikawagawia wateja wake zaidi ya wafuasi milioni 200. Mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na mwenye kampuni hiyo yenye adhabu ya dola milioni 2.5. Oktoba 2024 ikaanza kutumika kanuni ya FTC inayopiga marufuku kuuza au kununua kwa makusudi wafuasi feki wa kujionyeshea kibiashara. Kanuni hiyo ni ya Marekani. Wafuasi feki hawana mpaka.

Tuje kwenye pesa, na namba hizi ni za mfano tu. Tuseme picha yako unaiuza TSh 250,000. Ukitoa kanvasi, rangi na fremu, 90,000, unabaki na 160,000. Promo moja ni 80,000. Basi katika kila promo mbili lazima uuze picha moja ambayo vinginevyo usingeiuza, ili tu pesa yako irudi. Hapo hujapata faida hata ya nauli. Ukuta wa New York ndio balaa. Galari za kulipia hutoza kwa urefu wa ukuta au kwa idadi ya kazi, na ada inaweza kufika maelfu ya dola kabla hujagusa usafirishaji. Tuseme kwako imekuja TSh milioni 4. Kwa faida ileile ya 160,000 unahitaji kuuza picha 25. Ukuta uliopewa unaingia nne.

"Lakini nitaandika kwenye wasifu wangu kwamba nimeonyesha New York." Nimelisikia hili mara nyingi, na naelewa linatoka wapi. Tatizo ni kwamba wanaosoma wasifu huo kwa kazi, yaani wasimamizi wa maonyesho na wenye galari, wengi wanazifahamu galari hizo kwa majina. Mstari ulioulipia milioni nne unaweza kukushusha mbele ya mtu yuleyule uliyetaka akupandishe.

Hata hivyo, kulipa si kosa lenyewe. Mwaka 1874 wachoraji Monet, Renoir, Degas, Pissarro na wenzao walijifadhili maonyesho yao Paris, katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar. Waliunda chama chao, kila mwanachama akitoa faranga 60 kwa mwaka, na mgeni akilipa faranga moja mlangoni. Kibiashara waliangukia pua: hesabu zilipofungwa kila mmoja alikuwa anadaiwa faranga 184.50 na chama kikavunjwa. Tofauti yao na mteja wa promo ni kwamba chama kilikuwa chao. Hakukuwa na mtu pembeni aliyeneemeka kwa hasara yao, na waliokuja kutazama walikuja kwa ajili ya picha.

Mfano mwingine uko hai mpaka leo. Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, imefanya maonyesho yake ya kiangazi kila mwaka tangu 1769. Mtu yeyote anaweza kuomba, na analipa ada kwa kila kazi anayoileta. Lakini maelfu ya kazi hukataliwa, wageni wanakata tiketi kuingia, baadhi yao wakiwa na nia ya kununua, na taasisi inapata kamisheni picha inapouzika. Kwa hiyo ukisikia "ada ya kushiriki", usikimbie mara moja. Uliza kwanza kama wanaweza kukukataa. Kamati inayokubali kila mwenye kadi ya benki haijachagua kitu.

Na mara nyingine matangazo bora hayaitwi matangazo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kopo juu ya vipande vya hadibodi, picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Wageni waliokaa mitaa ile walifanya manunuzi yao pale. Walitoka na mikate na maziwa, wakakuta chui na ndege wamesimamishwa ukutani. Baada ya kifo chake mwaka 1972 wanafunzi wake waliendelea, na ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ukaundwa mwaka 1990. Wapita njia wa Oysterbay hawakufika laki mbili, ila walikuwa na ukuta nyumbani na noti mfukoni.

Sasa mbona kila ukurasa wa promo una shuhuda za wasanii walioridhika? Kwanza, anayechagua shuhuda ni ukurasa wenyewe. Pili, aliyeliwa hasemi, anaona aibu. Tatu ndiyo yenye kudanganya zaidi: msanii akishalipia promo, wiki hiyo anachangamka. Anaposti kila siku, anapiga picha kazi zake vizuri, anaandika bei, anawatumia marafiki linki kwenye WhatsApp. Picha ikiuzika anaisifu promo, kumbe mnunuzi ni rafiki wa binamu yake aliyeona stetasi.

Ndiyo maana kipimo kinahitaji nidhamu kidogo. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye ukurasa skrinshoti ya takwimu zake inayoonyesha wafuasi wako nchi gani na miji gani. Akikataa, umeshajibiwa. Usiongee na wasanii anaokupa yeye. Shuka mwenyewe hadi posti za miezi sita nyuma, chagua watatu, waandikie: uliuza? Kwa uzoefu wangu watu hujibu hili kwa ukweli usioutegemea, hasa wakiulizwa faraghani.

Ukiamua kujaribu, nunua kifurushi kidogo kabisa, mara moja. Wiki mbili kabla, andika kwenye daftari ni watu wangapi wamekuuliza bei. Wiki ya promo usibadilishe kitu kingine, usikazane kuposti kuliko kawaida. Weka linki ya WhatsApp ambayo ujumbe wake umeshaandikwa, mfano "Nimeiona picha kwenye ukurasa fulani", ili anayebofya ajitambulishe bila kujua. Kila anayekuja kwa njia nyingine, muulize amekupatia wapi. Kisha hesabu wanaouliza bei. Achana na laiki, na usihesabu mauzo peke yake pia: anayeuza picha mbili au tatu kwa mwezi, picha moja ya ziada inaweza kuwa bahati tu.

Linganisha na pesa hiyohiyo ukiitumia kubusti posti yako mwenyewe, yaani kuilipa Instagram iisambaze. Hapo angalau unachagua mji, umri na mambo wanayoyapenda unaotaka waione, na unaweza kuomba ujumbe wa WhatsApp badala ya laiki. Ukichagua laiki, mfumo utakutafutia watu wepesi wa kubofya, na utarudi palepale kwenye moto mitatu. Kitu kidogo chenye gharama: tangu 2024, katika nchi ambako utaratibu huo umeanza, ukibusti ndani ya programu ya iPhone unaongezewa ada ya Apple ya asilimia 30. Fanya kupitia kivinjari na ada hiyo haikuhusu.

Kuna wachoraji wanaolipia promo kwa sababu wanapenda tu kuona kazi yao pahali pakubwa, na sina ugomvi nao. Hela ni yao, furaha nayo ina bei. Waiandike tu kwenye daftari upande wa starehe, si upande wa biashara.

Wiki mbili zikiisha, tazama inboksi yako. Ujumbe mpya kutoka ukurasa ule utakuwa umeshafika: ofa maalumu, posti tano kwa bei ya tatu, mwisho Ijumaa. Usome hadi mwisho uone kama wameuliza ile picha ya kwanza iliuzika.