Nikifungua mlango Jumapili mchana

Udalali wa Mwanza tumezoea kuufanya mteja mmoja mmoja: anapiga simu, mnapanda bodaboda, anaangalia, anasema atakutafuta. Mimi nikipata nyumba ya kuuza Isamilo au Bwiru, nafungua mlango siku moja kwa wote. Jumamosi niliacha. Kanda yetu ina Wasabato wengi, na Msabato mwenye hela zake haachi ibada kuja kukagua masinki. Siku hizi ni Jumapili, saa nane mpaka saa kumi na moja.

Mteja akifika barazani akaliona ziwa chini ya miamba, ngazi zote alizopanda anazisamehe. Kisha anaingia jikoni, anafungua bomba, linakoroma. Nyumba za mlimani nyingi presha ni ndogo. Maji huja usiku, ukayakinga kwenye simtanki. Zamani nilikuwa najaza tangi na kunyamaza. Sasa nasema mwenyewe, maana jirani yupo hapo hapo na atasema.

Majirani wanakuja kweli. Nusu ya wageni wangu ni watu waliotamani siku zote kuiona sebule ya mwenzao. Waliniudhi mwanzoni, sasa nawapa soda. Wao ndio wanaojua kama mpaka uliwahi kugombaniwa, na masika maji yanapita wapi. Mnunuzi atawasikiliza wao kuliko mimi.

Wanaonitesa ni madalali wenzangu. Anakuja amependeza, anauliza bei kama mnunuzi, kesho nyumba ile ile iko kwenye simu yake, kaongeza milioni tano. Wengine hupeana namba na mwenye nyumba nikigeuka tu, wakanizunguka. Ndiyo maana bila mkataba wa kamisheni wa maandishi sifungui mlango.

Ila siku iliyonifundisha kazi ilikuwa Nyegezi. Ndani kuna watu kama ishirini, dada mmoja keshaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Akaingia mama na begi, ametoka stendi kushuka basi la Shinyanga. Akasalimia wote vizuri, akauliza, "Jamani, kuna msiba?" Ndiye mke wa muuzaji, na hakuwa na habari. Muuzaji mwenyewe alikuwa nje anaongea na simu, na simu ile haikuisha.

Nilikuwa nimeiona hati, ina jina la mume peke yake, nikaridhika. Kosa langu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Sasa kabla ya kutangaza nafanya upekuzi wa hati kwa msajili, kisha namtaka mwenzi awepo siku hiyo, akae sebuleni watu wamwone.

Kwa nyumba za ufukweni nabeba na tepu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mteja anayeota kujenga baa juu ya maji ni bora aambiwe akiwa hajatoa hela.

Nyumba ya Nyegezi haikuuzwa. Mwaka uliofuata mama yule alinipigia, ana nyumba yake ya kupangisha Buhongwa anataka kuiuza. Tukapatana kamisheni, akaweka sharti moja: soda za majirani nitoe mimi.