Namba za swingi ya gofu: dhana potofu na ukweli

Mcheza gofu anayeambiwa na kompyuta kwamba nyonga yake imezunguka digrii 43.7 huitazama ile .7 na kuamini kwamba kifaa kimemjua ndani nje. Hapo ndipo zinapozaliwa dhana nyingine zote potofu kuhusu upimaji wa swingi, yaani mwendo mzima wa fimbo tangu inapoinuliwa hadi inapomalizia. Desimali hutolewa na programu, na programu yoyote inaweza kuandika desimali tano ikitakiwa. Yapo mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa: usahihi, yaani kipimo kulingana na hali halisi, na uthabiti, yaani kifaa kurudia jibu lilelile pale ambapo mchezaji hajabadilika. Mizani ya dukani inayompunja mteja gramu 50 kila siku ni thabiti kabisa, na bado inapunja. Mwalimu anayefuatilia maendeleo ya mwanafunzi anaweza kuivumilia mizani ya namna hiyo, kwa kuwa anachotafuta ni mabadiliko. Asiyoweza kuivumilia ni ile inayopunja leo na kuzidisha kesho.

Husemwa pia kwamba simu ya kisasa, kwa kuwa hurekodi fremu 240 kwa sekunde, inatosha kuonyesha kinachotokea fimbo inapogonga mpira. Hesabu inakataa. Kichwa cha fimbo kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 160 hivi kwa saa, husafiri karibu sentimita 19 kati ya fremu moja na inayofuata. Mgongano wenyewe hudumu takriban nusu ya milisekunde, ilhali pengo kati ya fremu mbili ni zaidi ya milisekunde 4, kwa hiyo mara nyingi mpira hugongwa na kuondoka bila tukio hilo kunaswa hata mara moja. Isitoshe, kamera nyingi za simu husoma picha mstari baada ya mstari, si yote kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana mpini huonekana umepinda kama upinde wa mshale. Nimewahi kuwasikia watu wakiulaumu mkono kwa kosa la kamera. Simu inafaa kwa kutazama mkao na mdundo wa jumla, mradi isimamishwe mahali palepale na kwa kimo kilekile kila siku.

Wanaoidharau simu huielekea maabara wakiwa na imani isiyo na kikomo. Kule mchezaji hubandikwa alama ndogo za duara zinazoakisi mwanga, na kamera nyingi huzifuata kwa usahihi wa kustaajabisha. Tatizo ni kwamba kamera huiona alama, haiuoni mfupa. Alama hukaa juu ya ngozi, ngozi huteleza juu ya mfupa, na iliyobandikwa kwenye fulana huteleza zaidi. Mpimaji wa pili akiibandika alama ya nyonga sentimita moja kando na mahali alipoiweka wa kwanza, pembe inayokokotolewa hubadilika, ingawa mchezaji hajabadilisha lolote. Ndiyo sababu mpimaji mmoja hukubaliana zaidi na vipimo vyake mwenyewe kuliko anavyokubaliana na vya mwenzake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ile tofauti ya mzunguko kati ya mabega na nyonga, ambayo mkufunzi Mmarekani Jim McLean aliivumisha mwaka 1992 kwa jina la X-Factor, kwa kifupi X. Wengi hudhani ni namba moja. Sivyo. Fimbo ikiwa juu, mkono wa mbele hukatiza kifua na kulivuta bega pamoja nao, hivyo mstari unaounganisha ncha za mabega huzunguka kuliko mbavu zenyewe. Anayepima kwa mabega atapata namba kubwa kuliko anayepima kwa kifua, kwa mtu yuleyule na mkwaju uleule. Kulinganisha X ya maabara moja na ya nyingine bila kuuliza ilivyokokotolewa ni kulinganisha pishi na ratili.

Kuhusu bamba la kupimia nguvu chini ya miguu, dhana iliyozoeleka ni kwamba huonyesha uzito ulipo. Bamba huonyesha jinsi mchezaji anavyoisukuma ardhi. Mtu wa kilo 70 anapojisukuma juu kwa nguvu, bamba husoma zaidi ya kilo 70, na hakuna aliyenenepa katikati ya mkwaju. Watafiti Kevin Ball na Russell Best wa Australia walionyesha mwaka 2007 kwamba ipo mitindo miwili ya kuhamisha msukumo, mmoja wa kwenda mguu wa mbele na mwingine wa kurejea nyuma, na yote miwili hupatikana kwa wachezaji wa viwango mbalimbali.

Mkwaju mmoja hautoshi. Chukua wastani wa kadhaa. Hata wastani huo una mpaka: ikiwa hitilafu ya kawaida ya kipimo ni digrii 2, tofauti kati ya vipimo viwili iliyo chini ya digrii 5.5 hivi haitoshi kudai kwamba mchezaji amebadilika, kwa kuwa kila kipimo kina hitilafu yake, na mara nyingine hitilafu hiyo huizidi ile ya kawaida. Mwanafunzi aliyelipia masomo na kuongeza digrii 3 hapendi kusikia hivyo.

Mwisho kuna rada, ambayo watu huamini kwamba huupima mwili. Rada hufuatilia fimbo na mpira, haijui nyonga iko wapi. Umbali wa mpira, nao, hauisemei swingi peke yake. Uwanja wa gofu wa Muthaiga, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa yake nyepesi mpira huenda mbali kuliko kwenye ule wa Nyali, Mombasa, ulio pwani. Anayeteremka pwani na kuona mita zimepungua asikimbilie kuirekebisha swingi yake. Kwanza atazame kasi ya kichwa cha fimbo, kwa kuwa huenda ni ileile aliyokuja nayo.